Mkono Unaojua Kubandua

Mwezi wa Julai mji wa Nyeri huamka umejifunika. Ukungu hushuka kutoka milima ya Nyandarua upande mmoja na Mlima Kenya upande wa pili, ukatanda juu ya mabati hadi saa nne asubuhi, na watu hupita Kimathi Way mikono imezama mifukoni. Asubuhi ya namna hiyo niliingia kwa fundi wangu wa simu, katika chumba chembamba anachogawana na wakala wa M-Pesa, nikamwekea mezani simu iliyoanguka. Kioo chake kilikuwa kimepasuka pembe hadi pembe kama udongo wa kiangazi, lakini chini ya nyufa picha ilikuwa bado inawaka, safi.

Fundi aliigeuzageuza kwenye taa. "Mzee, skrini haijakufa," akasema. "Glasi ya juu ndiyo imeumia. Nikibadilisha skrini nzima utalipa pesa nyingi bure. Nikibadilisha glasi peke yake utalipa kidogo, lakini unipe muda, na usinisemeshe nikianza kubandua."

Nikampa muda. Nilivuta stuli, nikakaa kimya kwa muda wa karibu saa tatu, na nilipoinuka nilikuwa nimeuona ufundi ambao sijawahi kuusikia ukisifiwa. Mjini fundi huyu anajulikana kwa kubandika. Watu husema, huyo dada akikubandikia kioo huwezi kujua kimeguswa. Mimi nataka kumsifu kwa kazi inayotangulia hiyo, kazi ambayo mteja haioni kwa sababu ikifanywa vizuri haiachi alama yoyote.

Kiswahili kimetutendea wema katika jambo hili. Mtu hubandika na kubandua, hufunika na kufunua, huziba na kuzibua, hufunga na kufungua, hutega na kutegua. Mwisho wa neno ukibadilika kidogo, kazi yote inageuka. Wala lugha haikukihesabu kitendo cha pili kuwa ni uharibifu. Ingetaka ingetosheka na kurarua au kung'oa, lakini ikakipa jina lake, lenye shina moja na lile la kwanza, kana kwamba wazee waliotuachia maneno haya walijua kuwa anayetegua mtego huhitaji macho makali kuliko aliyeutega.

Ili uuone uzito wa kazi hii, ni lazima kwanza ujue kilichomo ndani ya skrini ya simu ya leo. Simu niliyoipeleka ilikuwa na kingo zilizopinda, zile ambazo picha humwagika ubavuni kama maji yanayotaka kufurika. Glasi yake ni ngumu, lakini skrini iliyo chini ya glasi ni laini. Ukiitoa peke yake inakunjika kama jani la mgomba lililopashwa moto. Skrini za aina hii hutumika katika simu nyingi za bei ya juu, hata zile zisizokunjwa. Galaxy S6 Edge ya mwaka 2015 ilikuwa nayo, na iPhone X ya mwaka 2017 pia. Kwa hiyo fundi wa Nyeri, wa Karatina au wa Embu, ambaye pengine hajawahi kuletewa simu ya kukunja, hukutana na skrini laini mara kwa mara, imejificha chini ya kioo kigumu.

Skrini hiyo huzaliwa juu ya glasi. Kiwandani, bamba la glasi hupakwa plastiki ya maji iitwayo poliimidi, yenye rangi ya asali, ndugu wa ile ambayo kampuni ya DuPont iliitoa miaka ya 1960 kwa jina la Kapton na ambayo ilisafiri hadi mwezini na vyombo vya Apollo. Huokwa kwenye joto linaloweza kupita nyuzi 400, ikawa ngozi yenye unene wa mikroni kumi hivi. Unywele wa kichwa una mikroni kama 70. Juu ya ngozi hiyo hujengwa mamilioni ya transista, na juu ya transista hutandazwa matabaka ya kemikali zinazotoa mwanga. Matabaka hayo yote yakijumlishwa hayafiki mikroni moja. Mwisho huja matabaka ya kuziba, kwa maana unyevu kidogo tu au oksijeni ikipenya, nukta za mwanga huanza kufa na kuacha madoa meusi yasiyopona.

Hapo skrini iko tayari, lakini bado imeshikamana na glasi iliyoilea. Ndipo kubandua kunapoanza. Mashine huelekeza miali ya leza ya urujuanimno, yenye mawimbi ya nanomita 308, kutoka chini, kupitia glasi. Miali huunguza tabaka jembamba mno pale ambapo poliimidi imegusana na glasi, na ngozi nzima inaachia. Sasa ni kitu kisichoweza kujisimamia. Hubandikwa utando wa kuikinga usoni na mwingine wa kuishikilia mgongoni, na kutoka hapo safari yake yote ndani ya kiwanda ni ya kuvikwa na kuvuliwa. Utando unabanduliwa ili kigusio kiwekwe, mwingine unabandikwa ili skrini isichubuke njiani, huo nao unatolewa ili glasi ipate kukaa. Kila utando ulikuja kulinda, na kila utando ukitoka unaweza kuua.

Unaua kwa njia tatu, na zote tatu fundi wangu anazijua, ingawa kwa majina yake.

Njia ya kwanza ni kuvuta vibaya. Utando ulioshikwa na gundi ukiuvuta wima, kwenda juu, unaivuta na skrini kwenda juu. Tabaka la kuziba, ambalo limeshikamana na ndugu zake kwa nguvu ndogo sana, linaweza kuchagua kuondoka na utando badala ya kubaki. Mwanafizikia R. S. Rivlin alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1944, na hesabu yake ni rahisi kuikumbuka. Ukiukunja utando nyuma kabisa, ukaulaza juu ya mgongo wake na kuuvuta sambamba na kioo, nguvu unayohitaji ni nusu ya ile ya kuuvuta wima. Tena mkono wako hauinyanyui skrini, unapita juu yake tu.

Fundi hajasoma Rivlin. Lakini alipofika kwenye utando wake wa kwanza asubuhi ile, niliona kidole gumba kikiukunja nyuma hadi ukalala bapa, kisha mkono ukaanza kurudi kuelekea kifuani pake, taratibu, chini chini, kana kwamba anavuta shuka kutoka juu ya mtoto aliyelala. Nilimwuliza baadaye nani alimfundisha pembe hiyo. Akasema, "Skrini nilizoharibu."

Njia ya pili ni mwendo. Gundi ina tabia ya mtu mkaidi. Ukienda nayo polepole inalegea, ukiivuta kwa ghafla inakaza. Na kuna mwendo wa katikati ulio mbaya kuliko yote, ambapo utando hukwama, ukaruka, ukakwama tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Ndiyo ile sauti ya krrr unayoisikia ukivuta selotepu. Kila mruko ni teke dogo kwa kilicho chini. Kiwandani mashine hupangiwa mwendo mmoja usiobadilika toka mwanzo hadi mwisho. Kwa fundi, kipimo ni sikio. Alipokuwa akibandua hakukuwa na sauti yoyote, na ile redio ya wakala wa M-Pesa aliomba izimwe mapema, nikadhani ni kwa sababu ya kelele. Sivyo. Alitaka asikie iwapo gundi itaanza kulalamika.

Njia ya tatu haionekani kabisa. Vitu viwili vilivyoshikana vikitenganishwa, kimoja huondoka na chaji za umeme za mwenzake. Huu ni umemetuli, ule unaokuuma kidole ukigusa mlango wa gari siku ya jua kali. Ili binadamu auhisi ni lazima ufike volti kama 3,000. Transista ndogo inaweza kufa kwa volti zisizofika 100. Maana yake ni kwamba fundi anaweza kuiua skrini kwa cheche ambayo yeye mwenyewe hakuisikia kidoleni. Mwaka 2008 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliweka selotepu ya kawaida ndani ya ombwe, wakaibandua kwa mwendo wa sentimita tatu kwa sekunde, na umeme uliozaliwa pale ukatoa miale ya eksirei ya kutosha kupiga picha ya mifupa ya kidole. Selotepu ya dukani, hiyo hiyo tunayofungia zawadi.

Viwanda vikubwa hupambana na umeme huu kwa vipulizia vinavyomwaga hewa yenye chaji chanya na hasi pale pale utando unapoachana na skrini. Fundi wa Nyeri ana bangili ya mpira yenye waya, inayounganisha kifundo cha mkono wake na bomba la chuma ukutani, na ana majira. Julai, alinieleza, ni rafiki yake. Hewa yenye unyevu hailimbikizi umeme, na vumbi hulala. Januari na Februari, jua likikausha mji, humwagia sakafu maji kila asubuhi kabla ya kufungua simu yoyote. Mwenzake aliye Nanyuki, upande wa mlima usiopata mvua nyingi, hufanya hivyo karibu mwaka mzima, kwa kuwa huko upepo wa tambarare ya Laikipia huingia na vumbi jembamba kama unga wa muhogo, na utando uliobanduliwa ukiwa na chaji huyaita mavumbi hayo kama sukari inavyoita sisimizi.

Sasa turudi mezani. Simu ilikuwa imelala juu ya sahani ya moto, gundi ya zamani ikilegezwa kwa joto ambalo mkono hauwezi kulivumilia kwa muda mrefu. Fundi alichukua waya mwembamba kuliko uzi wa kushonea, akaushika ncha mbili, akaupitisha kati ya glasi iliyovunjika na skrini, akiukokota mbele na nyuma kama mtu anayekata sabuni ya mche. Kwenye ukingo uliopinda alipunguza mwendo hadi nikadhani amesimama. Glasi ilitoka vipande vitatu. Ile skrini ilibaki, nyembamba, yenye ngozi ya gundi kuukuu, na gundi hiyo aliiviringisha kwa ncha ya kidole chenye glavu na spiriti kidogo, chembe kwa chembe, nusu saa nzima.

Kisha akatoa gundi mpya. Hii huja kama karatasi angavu, na mafundi huiita OCA. Imelala katikati ya tando mbili, moja kila upande, na hapa pana siri ambayo mtu wa nje hawezi kuibuni. Tando hizo hazifanani. Moja imeshikwa kwa wepesi, nyingine kwa nguvu, na zimetengenezwa hivyo makusudi. Ukianza na ile nzito, gundi itachanika au itakunjamana na kuharibika. Unatoa nyepesi kwanza, unailaza gundi juu ya skrini, unaipitishia rola, na ndipo baadaye, gundi ikiwa imeshika nyumba yake mpya, unatoa nzito. Mpangilio wa nguvu za kushika ndio unaoamua nani abaki na nani aondoke.

Utando wa pili ndio uliomfanya anikataze kusema. Hauna pa kuushika. Umelingana na gundi ukingo kwa ukingo, na ukucha ukitumbukia utachimba gundi. Fundi alikata kipande cha selotepu, akakibandika kwenye pembe ya utando, akakibonyeza kwa kidole gumba huku akihesabu kimoyomoyo, kisha akakiinua. Pembe ikafuata. Akakagua kwa kuinamisha kichwa hadi mwanga wa dirishani ukaparaza uso wa skrini, apate kuona kama gundi imebaki chini au imenyanyuka na utando. Imebaki. Akakunja nyuma, akalaza, akavuta.

Nilipokuja kusoma juu ya mashine za viwanda vya skrini, nilikuta hila hiyo hiyo. Rola yenye mkanda wa kunata huguswa kwenye pembe ya utando, ikaunyanyua, kisha kishikio kikaupokea na kuuvuta kwa pembe kali. Mashine hiyo ina kamera za kuhakikisha kwamba pembe kweli imeinuka na kwamba kilichoinuka ni utando peke yake. Fundi ana selotepu, kidole gumba na mwanga wa dirisha. Wote wawili wametatua swali moja kwa jibu moja, bila kuonana.

Kubandua kuna elimu nyingine iliyo juu ya mkono, nayo ni kujua kipi hakibanduliwi. Aprili 2019 Samsung iliwapa waandishi wa habari za teknolojia simu yake ya kwanza ya kukunja, Galaxy Fold, yenye bei ya dola 1,980, waijaribu kabla haijaingia madukani. Juu ya skrini kulikuwa na utando wa plastiki ulioonekana kabisa kama zile nailoni tunazozikuta juu ya simu mpya. Baadhi ya waandishi wakaubandua, na skrini zao zikafa. Utando ule ulikuwa sehemu ya skrini yenyewe. Simu iliyopangwa kuuzwa tarehe 26 mwezi huo iliahirishwa hadi Septemba, na iliporudi, kingo za utando zilikuwa zimepitishwa chini ya fremu ili ukucha wa mtu usipate pa kuanzia.

Siwalaumu waliobandua. Ulimwengu umetuzoesha kwamba chenye nailoni juu kinasubiri kuvuliwa. Mimi mwenyewe mwaka jana niliing'oa protekta ya simu ya mke wangu kwa kucha, kwa pupa ya mtu anayewahi matatu ya Karatina, na ufa mdogo uliokuwa pembeni ya kioo ukakimbia hadi katikati. Kioo kilipinda kwa sababu nilivuta juu. Ningejua kulaza, kingepona.

Ndiyo maana kijana anayejifunza kwa fundi huyu, mwenye miezi minne sasa, bado hajaruhusiwa kugusa OCA. Kazi yake ni protekta za wateja wa njiani. Anafuta kioo kwa kitambaa chenye spiriti, anafuta tena kwa kikavu, ananyofoa vumbi kwa kibandiko, kisha anabandua utando wa protekta na kuilaza. Kila anapobandua, fundi humtazama mkono kwa pembe ya jicho. Siku ile alimwambia neno moja tu: "Laza." Kijana akashusha kiwiko. Tando zilizotoka walizitia kwenye ndoo chini ya meza, zisipeperuke hadi mtaroni.

Nilipokuwa nikimtazama, niligundua kwamba ufundi huu si mgeni katika milima hii. Tetu, Othaya, Mathira, kila kilima kina kiwanda cha kahawa cha chama cha ushirika, na kazi ya kiwanda cha kahawa, ukiitazama vizuri, ni kubandua. Tunda la kahawa ni kiini kilichovishwa nguo juu ya nguo. Kuna ganda jekundu, chini yake ute unaonata, chini ya ute ganda gumu la ndani, na chini ya hilo ngozi ya rangi ya fedha. Kila nguo ina saa yake na njia yake ya kuvuliwa.

Ganda jekundu hutolewa na mashine siku ile ile ya kuchuma. Mashine ikikazwa kupita kiasi inaikwaruza buni, na buni iliyokwaruzwa hushuka daraja hata kama mkulima aliitunza mwaka mzima. Ute hautoki kwa kusuguliwa. Kahawa hulazwa kwenye tangi ichachuke, na vijidudu vikaula ule mnato hadi ulegee wenyewe, ndipo maji ya mferejini yakauchukua. Kisha hupanda kwenye meza za kuanikia, chini ya jua na macho ya watu wanaoigeuza kwa mikono, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 11 au 12. Na lile ganda gumu la ndani? Hilo haliguswi. Linaachwa likilinde kiini ghalani na njiani, hadi siku ya kukobolewa. Ngozi ya fedha huanguka yenyewe kwenye kikaango, mbali, mikononi mwa mtu ambaye pengine hajui Othaya iko wapi.

Leza ya kiwanda cha skrini, sahani ya moto ya fundi na tangi la kuchachushia kahawa vinasema jambo moja: legeza kwanza, ndipo utoe. Hata mkanda wa kunata ulioasisi biashara hii ulizaliwa kwa sababu hiyo. Mwaka 1925 Richard Drew wa kampuni ya 3M huko Marekani alibuni mkanda wa wapaka rangi ya magari, baada ya kuwaona wakibandua karatasi walizozitumia kuziba na rangi mpya ikiondoka nazo. Alichotafuta kilikuwa gundi inayokubali kuachia. Tangu siku hizo, gundi nzuri ya kazi ya muda hupimwa kwa namna inavyoondoka.

Nyeri ya leo inabeba ncha zote mbili za ufundi huu. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kuna kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited, kilichoanzishwa na Anthony Githinji na kufunguliwa mwaka 2021, kinachoshughulika na vifaa vya semikondakta, kazi inayofanywa ndani ya vyumba ambamo chembe ya vumbi ni adui anayehesabiwa. Mei 2024 Marekani ilitangaza nia ya kuifanya Kenya nchi ya kwanza ya Afrika kushirikiana nayo chini ya mfuko wa sheria yake ya semikondakta. Huko Athi River, tangu Oktoba 2023, simu zinaunganishwa na mikono ya Wakenya. Na hapa Kimathi Way, hatua chache kutoka stendi ya matatu, mwanamke mmoja mwenye selotepu na bangili ya waya anafanya kwa vidole jambo ambalo viwanda vya Korea na China hulifanya kwa mashine za mamilioni ya dola.

Ncha hizi mbili hazijafungwa pamoja. Fundi huyu hana cheti cha kazi hii, na kijana wake hatapata cheti kwa miezi minne ya kujifunza kulaza kiwiko. Kenya ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na Nyeri ina taasisi yake ya kitaifa ya ufundi pamoja na chuo kikuu chenye maabara. Naomba walimu wa huko wafanye jambo moja jepesi: wateremke mjini, wavute stuli, wakae saa tatu katika vyumba hivi vyembamba vya Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru, watazame. Kisha wawaalike hawa mafundi juu, waje wafundishe vijana wa vyumba safi namna kidole kinavyosikia gundi ikianza kukaza. Watapeana. Mmoja ana hesabu ya pembe, mwingine ana pembe yenyewe mkononi.

Saa sita kasoro, fundi aliilaza glasi mpya, akaitia simu ndani ya mashine ya kutoa mapovu, akaisubiri. Ilipotoka aliiwasha. Picha ilijaa kutoka ukingo hadi ukingo, bila doa, bila kiputo, bila unywele. Juu ya glasi mpya kulikuwa na nailoni moja ya mwisho, ile ya safari. Nilinyosha mkono niitoe, akanizuia.

"Ngoja nikutolee, mzee."

Akaishika pembe, akaikunja nyuma, akaivuta kuelekea kwake bila sauti. Nikamlipa.

Nawe msomaji, siku utakapopeleka simu yako na kuambiwa kwamba kazi itachukua muda, usimharakishe fundi wala usipunguze malipo yake kwa sababu hukuona alichofanya. Kaa kwenye stuli, nyamaza, utazame mkono wake.